Kubebana si wizi wa kitanda

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, tangazo hubandikwa kwenye mbao za hosteli za vyuo vyetu vya umma, na maneno yake hayabadiliki sana: mwanafunzi atakayekutwa amembeba mwenzake atanyang'anywa kitanda, na huyo aliyebebwa atachukuliwa hatua za kinidhamu. Kwa ambaye hakupita huko, kubebana ni mwanafunzi aliyepata nafasi hosteli kumlaza kitandani kwake mwenzake aliyekosa. Godoro la futi mbili na nusu, watu wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule.

Nililala hivyo muhula wangu wote wa kwanza. Chuo sikitaji, maana jambo hili si la chuo kimoja. Aliyenibeba alikuwa mwaka wa pili, na tulichokuwa tumeshirikiana kabla ya hapo ni shule ya sekondari tu. Aliniona nimekaa na begi kwenye ngazi za jengo la utawala, orodha ya waliopata vyumba imeshatoka na jina langu halimo. Akaniambia, "Dogo, nyanyua begi twende. Usiku tutajipanga." Chumba kilikuwa cha watu wanne, dabo deka mbili. Usiku ule tulilala saba.

Mle ndani kulikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtu alizijua. Anayebebwa haketi kwenye meza kama mwenye meza yupo. Anaamka wa kwanza, anachukua ndoo, anawahi maji kabla foleni haijawa ndefu. Anafagia. Viatu vyake havikai mlangoni, kwa sababu janita, yaani mtunza jengo, akipita usiku anahesabu kandambili, na kandambili jozi saba katika chumba cha watu wanne hazihitaji maelezo. Zangu zilikaa kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro. Mpaka leo nikivua viatu kwenye nyumba ya watu huwa naangalia kwanza nimeviweka wapi.

Hoja ya utawala wa vyuo haistahili kuzomewa, ingawa kwenye mikutano ya serikali za wanafunzi huzomewa kabla haijafika mwisho. Jengo la hosteli limechorwa kwa idadi ya watu. Chukua hosteli za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizozindua Rais John Magufuli Aprili 15, 2017: majengo 20 yaliyojengwa kwa takriban shilingi bilioni 10 ili yachukue wanafunzi 3,840. Wastani ni wanafunzi 192 kwa jengo. Ikiwa kila kitanda cha pili kimebeba mtu, jengo hilo linakuwa na watu 288, na vyoo ni vilevile, tangi la maji ni lilelile, shimo la maji taka ni lilelile. Maji yakikatika siku mbili, aliyepata chumba kihalali anaugua pamoja na asiye nacho. Kunguni nao hawaulizi nani yuko kwenye orodha.

Kuna pia mwanafunzi mwenyewe. Watu wawili kwenye godoro moja hawalali, wanasubiriana kugeuka. Ukifika wiki ya mitihani umechoka hivyo, supu, yaani mitihani ya marudio, ziko karibu, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakuko mbali. Msimamizi wa hosteli anayesema anawalinda vijana dhidi ya hali hiyo hadanganyi.

Lakini ukimuuliza basi huyu aliyekosa chumba aende wapi, jibu huwa fupi: apange mtaani. Na hapo ndipo hesabu inapokuwa na maana.

Mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali hupata fedha za chakula na malazi, bumu kwa lugha ya chuoni. Kwa miaka kadhaa bumu lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 likawa 10,000. Kwa awamu moja ya siku 60 ni shilingi 600,000. Sasa tuseme amepata chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, Changanyikeni au Msewe, choo cha kuchangia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam. Hiyo ni 360,000. Zinabaki 240,000, yaani shilingi 4,000 kwa siku kwa miezi miwili ya kwanza. Bado hajanunua godoro, ndoo, wala jiko. Bado hajatoa kopi za masomo. Bado hajapanda daladala, na kwenye daladala konda hamtambui kuwa mwanafunzi, kwa kuwa hana sare. Analipa nauli ya mtu mzima asubuhi na jioni.

Mtu ataniambia kodi ile ni ya miezi sita, kwa hiyo bumu la pili na la tatu litakuwa na nafuu. Ni kweli. Ila mwanafunzi hali kwa wastani wa miezi sita. Anakula leo, na wiki zake ngumu kuliko zote ni zile za mwanzo, ambazo bumu lenyewe mara nyingi huwa halijaingia. Kisha chuo kikifungwa bumu linasimama, kodi haisimami. Ama alipie chumba ambacho halali, ama akiachie aanze kutafuta upya likizo ikiisha. Na hesabu hii yote ni ya mwenye fedha kamili za chakula na malazi. Wapo waliopata sehemu tu ya mkopo, na wapo waliokosa kabisa, ambao kwao neno "apange" halina hata pa kuanzia.

Ndiyo maana sikubali kubebana kuitwe utovu wa nidhamu kwa jumla jumla. Yule anayenyanyua begi la mdogo wake wa shule na kumpa nusu ya godoro anatoa kitu ambacho chuo kimeshindwa kutoa na ambacho bodi ya mikopo haijatenga fedha zake za kutosha. Anakitoa bure, na gharama yake ni usingizi wake mwenyewe.

Kuna namba nyingine hainitoki kichwani. Novemba 2018, hapohapo Mlimani, ilizinduliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuchukua watu 6,000 kwa wakati mmoja. Hosteli zile mpya zinalaza 3,840. Najua Mlimani kuna mabweni ya zamani, najua hosteli ya Mabibo ipo, kwa hiyo simaanishi kwamba waliobaki wote wako mtaani. Ninachojiuliza ni nani anakikalia kiti cha maktaba saa tatu usiku. Anayelala Kimara anatazama saa tangu saa moja, kwa sababu anaijua foleni ya Ubungo. Msichana aliyepanga Makongo hafikirii daladala tu, anafikiria pia kile kipande cha njia kuanzia kituoni hadi kwenye geti la nyumba, kisicho na taa. Anafunga daftari mapema wakati kitabu cha akiba, kile ambacho hakiruhusiwi kutoka nje ya maktaba, kimefika mkononi mwake dakika ishirini zilizopita. Kikundi cha majadiliano kinapangwa saa mbili usiku kwa kuwa wengi wako ndani. Yeye anatumiwa picha za daftari kwenye simu. Hakuna kanuni inayomzuia kusoma, ila mpangilio mzima wa siku ya chuo umemchukulia kama mtu anayelala hapo.

Anayebebwa anajibana kwenye godoro ili asiondolewe katika saa hizo. Nilipobebwa sikuwa natafuta kitanda cha bei nafuu peke yake. Nilikuwa natafuta saa tatu usiku, saa nne, saa tano, nikiwa na taa, meza na mtu wa kumuuliza swali. Ile mitihani ya muhula wa kwanza niliifaulu kutokana na saa hizo.

Sasa nije kwenye hoja ya moto, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo utawala huiweka mwisho, kwa haki. Nchi hii inazo kumbukumbu zake. Mwaka 1994 bweni la wasichana la Shauritanga, Rombo, liliungua na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Mwaka 2009, Idodi, Iringa, wasichana 12 walikufa katika bweni lao. Mtu yeyote anayesimamia jengo lenye vijana wanaolala, wanaochemsha maji kwa hita za kamba na kuchaji simu sita kwenye soketi moja, ana haki ya kukosa usingizi. Akisema mlango huu umepimwa kwa watu kadhaa na si zaidi, tumsikilize.

Lakini tufuate hoja yake mpaka mwisho wake. Usiku wa ajali, jambo la kwanza linalofanywa uwanjani ni kuita majina. Msimamizi ana orodha. Kwenye chumba changu orodha ilikuwa na majina manne. Wanne wangeitika, angeweka alama, angehamia chumba kinachofuata, na sisi watatu tusingekuwepo kwenye karatasi hata kwa makosa. Katazo halikutuondoa ndani ya jengo. Lilituondoa kwenye orodha. Miaka yote ya misako ya usiku wa manane, ya askari wasaidizi na tochi, haijamaliza kubebana, kwa sababu sababu yake haiko hosteli. Iko kwenye uwiano wa waliodahiliwa na vitanda. Kilichofanikiwa ni kuwafundisha vijana kuficha kandambili.

Na uwiano huo hauelekei kupungua. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Ni hatua ninayoiunga mkono bila masharti. Watoto wale wanakuja vyuoni, wengi wao kutoka nyumba zisizoweza kulipa kodi ya miezi sita Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, na wanakuja haraka kuliko zege linavyokauka.

Upo upande mmoja ambao lazima niukubali bila kupunguza neno. Chumba ni cha wanne, na mwenzako wa kitanda cha juu hakuombwa ruhusa. Kwetu kulikuwa na mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, mtu mkimya, hakumbeba mtu yeyote kamwe. Kila asubuhi alikuta ndoo yake imetumika. Hakutushtaki. Nilidhani ni wema, na ulikuwa wema, lakini sasa naona pia kwamba angetushtaki angeitwa msaliti na jengo zima. Huo ni mzigo alibebeshwa bila kuulizwa, na watetezi wa kubebana, nikiwemo, huwa tunampita haraka.

Kisha kuna wanaouza. Mtu amepata chumba hosteli, kwao ni Sinza, halali hapo hata siku moja. Anamkodisha mwingine kitanda kwa bei ya juu kuliko aliyolipa chuoni. Au anachukua fedha za wawili kwa godoro moja. Huo ndio wizi, na unamuumiza yuleyule aliyekosa. Tatizo la kanuni za sasa ni kwamba zinamweka mfanyabiashara huyu na kaka yangu yule wa mwaka wa pili kwenye kifungu kimoja na adhabu moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua kabisa nani anauza kitanda hawezi kwenda kwa mshauri wa wanafunzi kusema, kwa sababu na yeye amebeba.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya malazi ningeomba jambo dogo. Mwanafunzi aruhusiwe kumwandikisha mgeni mmoja, na chumba kisizidishe wageni wawili. Wote wanne wasaini, kila mmoja peke yake mbele ya msimamizi, ili yule wa kitanda cha juu aweze kukataa bila kuonekana. Mgeni alipe sehemu ya ada, iende kwenye maji na vyoo vya jengo hilohilo. Akae muhula mmoja, wakati huo jina lake likiwa juu kwenye orodha ya wanaosubiri. Jengo lisilofaa kwa usalama lisiruhusiwe, na sababu ibandikwe mlangoni. Anayeuza kitanda anyang'anywe moja kwa moja.

Najua atakayesema kwamba kuandikisha ni kuhalalisha msongamano, na kwamba serikali ikiona vijana wanalala wawili wawili kwa utaratibu haitajenga tena. Nimeifikiria sana hofu hiyo. Naona kinyume chake kinawezekana zaidi, kwa kuwa leo hakuna chuo kinachoweza kupeleka wizarani hesabu ya waliobebwa: kwenye makaratasi hawapo. Rejista ingekuwa na namba, ya kila jengo, ya kila muhula, na ombi la fedha za kujenga lingekuwa na kitu cha kushika.

Aliyenibeba sasa ni mwalimu. Mwaka jana mwanafunzi wake mmoja alipata chuo, akakosa chumba, akampigia simu usiku akiwa kituo cha mabasi. Mwalimu akanipigia mimi kuuliza kama namjua mtu yeyote hosteli. Nilimjua mmoja. Nilimpa namba, nikamwambia amweleze kijana viatu asiviache mlangoni.