Pentium G4560 au Athlon 200GE? Tazama soketi kwanza

Anayetafuta vipuri vilivyotumika ili aunde kompyuta ya bei nafuu hachelewi kukutana na majina haya mawili ya prosesa. Intel ilitoa Pentium G4560 Januari 2017 kwa bei ya dola 64. AMD ikajibu Septemba 2018 kwa Athlon 200GE, dola 55. Kwenye karatasi zinakaribia kuwa mapacha: kila moja ina kori mbili (vitengo vya kukokotoa) na nyuzi nne (mikondo ya kazi inayoshughulikia kwa pamoja), kasi yake haipandi hata kazi ikizidi, na grafiki imo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa sababu zinafanana hivyo, watu hubishania alama za majaribio, hii imeipita ile kwa pointi ngapi. Kwa mnunuzi wa leo naona jambo zito zaidi ni soketi, yaani tundu la kuchomekea prosesa, na mazabodi, yaani ubao mkuu, itakayobaki baada ya prosesa hiyo kuchoka. Kwa kigezo hicho nachagua Athlon, ingawa ndiyo yenye mwendo mdogo.

Nianze na mwendo wenyewe, maana Pentium inastahili haki yake. Inakwenda 3.5 GHz, Athlon 3.2 GHz, tofauti ya takribani asilimia 9. Juu ya hapo, kori ya Kaby Lake, muundo wa Pentium hii, hufanya kazi kidogo zaidi kwa kila mpigo wa saa kuliko kori ya Zen ya kwanza, muundo wa Athlon. Kazi inayoegemea kori moja, kama kufungua ukurasa mzito wa wavuti, kukokotoa jedwali kubwa au kucheza gemu za zamani, humalizika mapema kidogo kwenye Pentium. Lakini ni kidogo kweli. Mashine yenye Athlon na SSD (hifadhi ya chipu, isiyozunguka) itaonekana nyepesi mno mbele ya mashine yenye Pentium na diski ngumu ya kuzunguka, kwa hiyo fedha ya ziada ipeleke kwenye SSD kabla ya kuhangaikia hiyo asilimia 9.

Kasoro ya Pentium ambayo wauzaji hawaisemi ni kukosa AVX. Hayo ni maagizo yanayoiwezesha prosesa kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo mmoja, na kwenye Pentium za kizazi kile Intel iliyafunga, AVX na AVX2 pia. Mwaka 2017 wachache waliliona pengo hilo. Siku hizi linauma. Vifurushi rasmi vya TensorFlow, programu ya kujifunza kwa mashine, vinahitaji AVX tangu toleo 1.6, na MongoDB, programu ya hifadhidata, inaihitaji tangu toleo 5.0. Ukijaribu kuviendesha kwenye G4560, programu inakufa palepale ikilalamikia agizo batili, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akisakinisha upya kitu ambacho hakina tatizo. Hakuna kipengele cha BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyomo kwenye mazabodi) wala sasisho litakaloyarudisha. Athlon 200GE inayo AVX2. Ni kweli Zen ya kwanza huigawa kazi ya biti 256 vipande viwili vya biti 128, hivyo haikimbii sana, lakini programu inafunguka na kufanya kazi. Kwa mwanafunzi wa programu au wa takwimu, hili peke yake linatosha kuamua.

Upande wa grafiki ya ndani, Vega 3 ya Athlon iko mbele ya HD 610 ya Pentium waziwazi, kwa sharti moja: RAM iwe vijiti viwili. Grafiki hii haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha DDR4-2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde, viwili vinapitisha 38.4. Kwa hiyo nunua viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, uvichomeke kwenye nafasi ambazo kitabu cha mazabodi kinaelekeza. Kwenye ubao wenye nafasi nne, kwa kawaida ni ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Wengi wanaosema Vega 3 ni dhaifu mno waliijaribu kwa kijiti kimoja. Hata ikipewa viwili, itegemee kwa gemu nyepesi zenye mwonekano wa 720p na si zaidi.

Video hazitenganishi sana. Zote mbili hufungua HEVC ya biti 10 na VP9, mifumo ya kubana video, kwa saketi maalumu, na zote mbili haziijui AV1, mfumo mpya zaidi. Video ya 4K ya AV1 itaangukia kori hizo mbili na kuanza kukwamakwama. Dawa ni kukilazimisha kivinjari kichukue VP9, na viko viongezo vinavyofanya hivyo.

Pale Pentium inaposhinda bila mjadala ni kwenye kadi ya grafiki ya kuchomeka. Pentium inaipa kadi njia 16 za PCIe 3.0 (mfumo wa kupitishia data kati ya kadi na prosesa), karibu GB 15.8 kwa sekunde. Athlon inaipa njia nne tu, chini kidogo ya GB 4. Kadi ndogo ikiwa na kumbukumbu ya kutosha haitaumia sana, ila kumbukumbu yake ikijaa na gemu likaanza kuvuta data kutoka kwenye RAM, picha zitakuwa zinaganda na kuachia. Kama nia yako ni gemu kwa kadi ya kuchomeka na hutabadilisha prosesa kamwe, chukua Pentium.

Hiyo "kamwe" ndiyo inayonipa shida. Soketi ya Pentium, LGA1151, yenye chipseti (chipu za mazabodi) za mfululizo wa 100 na 200 inaishia kwenye prosesa ya i7-7700K, kori nne na nyuzi nane. Mazabodi za mfululizo wa 300 zina soketi ya jina hilohilo, lakini hazipatani na G4560, na wengi wananaswa hapo. Hata mazabodi ya H110, iliyotoka kabla ya Kaby Lake, huenda ikawaka bila kuonyesha kitu mpaka BIOS yake isasishwe kwa prosesa ya kizazi cha sita. Athlon inakaa kwenye soketi ya AM4. Mazabodi ya B450 inayoibeba leo inaweza kesho kubeba Ryzen 5 5600, kori sita na nyuzi kumi na mbili, na njia 16 za kadi zinarudi zote.

AM4 nayo ina mitego. Usiinunulie 200GE mazabodi ya B550 au A520, hazikuundwa kuipokea. Unapohamia Ryzen mpya, sasisha BIOS ukiwa bado na Athlon kwenye soketi, na usome ukurasa wa mtengenezaji kwanza, kwani baadhi ya mazabodi hudai upitie toleo la kati. Nyingine zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu, na ili kupata nafasi ya prosesa mpya matoleo ya karibuni yameondoa baadhi ya za zamani. Uwe na prosesa mpya mkononi kabla ya kubonyeza kitufe cha kusasisha.

Ukaguzi wa kimwili unatofautiana pia. Kwenye Intel pini ziko kwenye mazabodi, hivyo omba kifuniko cha soketi kitolewe, umulike kwa tochi kutoka pembeni. Pini iliyolala hung'aa tofauti na wenzake. Kwenye AM4 pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe. Pesti ya joto ikikauka, kipoza joto kinanata, na ukikivuta juu kwa nguvu prosesa inang'oka nacho huku pini zikipinda. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie.

Windows 11 haizitambui rasmi zote mbili, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux inaendesha zote vizuri.

Bado kuna mahali ningeichukua Pentium bila kusita: mashine ya ofisi iliyokamilika, ya kuandikia na kutunzia hesabu, ikiwa bei yake yote haifiki bei ya Athlon pamoja na mazabodi yake. Ila ifungue kabla ya kulipa. Mashine nyingi za aina hiyo zina pawasaplai yenye plagi ya pekee badala ya ile ya pini 24, na mazabodi isiyoingia kwenye kasha la kawaida. Pawasaplai ikiungua, huwezi kuweka yoyote utakayoikuta sokoni.