Gari linazima njiani, kwa fundi linawaka kama jipya

Yaani hili gari langu la 1998 litaniua na presha jamani. Jana natoka Jinja, nimefika katikati ya msitu wa Mabira, malori nyuma yangu yanapiga honi, injini pap, kimya. Nasukuma pembeni na mtu wa boda, nangoja kama dakika 20 hivi, napiga ufunguo linawaka kama hakuna kilichotokea. Nikilipeleka kwa fundi Kampala linanguruma vizuri tu, ananiangalia kama mimi ndo mgonjwa.

Fundi wa kwanza akabadilisha pampu ya mafuta, wa pili plagi na koili, hela imeenda na gari bado linazima, maana wote wanabahatisha tu, hakuna hata mmoja aliyeuliza linazima likiwa la moto au baridi! Ni la moto, ssebo, kila mara. Na mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, unaanguka sifuri gari likiwa bado linatembea kwenye gia. Mi nashuku sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, maana zile zikipata joto zinakata, zikipoa zinarudi. Kesho nabeba chupa ya maji baridi, likizima naimwagia hiyo sensa, likiwaka hapohapo namrudia yule wa pampu.