Chuo kije kuliona daftari la sheha

Mama alipotimia miaka 70 nilimpeleka kwa sheha wetu, yaani mkuu wa shehia, ngazi ya chini ya serikali huku Zanzibar, hapa Wete, Pemba, kutaka barua ya pensheni jamii. Pensheni hiyo ilianza mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na haiulizi kama uliwahi kuajiriwa. Inataka umri na ukaazi, basi. Kazi ikawa kwenye umri. Mama kazalishwa na mkunga wa kijijini, cheti hana.

Bwana Sheha akateremsha kutoka juu ya kabati madaftari matatu ya skuli, anamoandika watu wa shehia, yaliyofungwa kwa kamba ya usumba. Moja lilikuwa limerowa mvua ya masika, kurasa zimegandana. Tulikaa karibu saa nzima tukizibandua kwa kisu cha jikoni. Jina la mama likaonekana. Mwaka ulikwenda na maji. Mwisho akaitwa mzee jirani, akashuhudia kwamba mwaka wa Mapinduzi mama alikuwa keshaingia chuoni. (Chuo cha Kurani, si hiki ninachotaka kukizungumza.)

Nalikumbuka daftari lile kila nikisikia vyuo vya utawala vikisema vinataka kuwa karibu na serikali na jamii. Zanzibar chuo cha kazi hiyo tunacho, Chuo cha Utawala wa Umma kule Tunguu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Husomesha mpaka utunzaji wa kumbukumbu, fani ambayo watu huidharau mpaka siku faili lao lipotee. Lakini ukaribu na serikali tumezoea kuufasiri kuwa ukaribu na wizara, na ukaribu na jamii kuwa semina. Niliwahi kuhudhuria moja, walioiandaa siwataji. Mtoa mada alisoma utawala bora ukutani slaidi baada ya slaidi, na umeme ulipokatika akaendelea kusoma kwenye simu. Bibi mmoja akanyosha mkono kuuliza habari za mpaka wa shamba lake. Akaambiwa hilo halimo katika mada ya leo. Tukapewa maji ya chupa, tukapigwa picha.

Serikali na jamii huku kwetu hukutana kwa sheha. Ukizaliwa, ukifa, ukitaka kitambulisho, ukigombana na jirani kwa mkarafuu uliosimama mpakani, unapita kwake. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 2014 imemtwika mambo ambayo afisa mwenye digirii na kiyoyozi angeyaombea msaidizi. Wengine humwona ni jicho la serikali, na sisi Wapemba tunajua maneno hayo hupamba moto wakati gani: uchaguzi ukikaribia na swali likawa nani mkaazi na nani si mkaazi. Daftari likiwa bovu, aliyekosa jina hataamini kwamba ni mvua. Ataamini kafutwa. Nusu ya chuki tunazozibebesha siasa, mimi naona zinaanzia kwenye karatasi mbichi.

Basi wanafunzi wa kumbukumbu waletwe shehiani kwa mazoezi ya kazi, badala ya kurundikwa afisi za mjini kupeleka barua na kuagiza chai. Wakae wiki sita, wayanakili madaftari, wayapange, na daftari lenyewe lisitoke nje ya shehia. Najua nitaambiwa humo mna siri za watu. Zimo, ndiyo maana waapishwe kwanza. Kwani hivi sasa zinalindwa na nani, zaidi ya kamba ya usumba? Na masheha nao waitwe Tunguu, wasimame mbele ya darasa waeleze namna wanavyompima umri mtu asiye na cheti. Sijui mhadhiri wa kulifundisha hilo angetolewa wapi kwengine.

Mama alipata pensheni yake. Mzee aliyemshuhudia ameshafariki. Madaftari, mara ya mwisho nilipopita, yalikuwa juu ya kabati lile lile, yamefunikwa kiroba cha unga, na masika yalikuwa yanabisha hodi.