Mjomba Kagandisha Tena

Ofisini kwetu mimi ni mtunza stoo, lakini watu wananiita IT. Cheo hicho nilikipata siku printa ilipogoma, nikachungulia nyuma na kuvuta karatasi iliyokwama. Karatasi moja tu. Tangu siku hiyo simu ya mtu ikikataa chaji naitwa, kompyuta ya mhasibu ikilia naitwa, na majuzi nimeitwa kuangalia friji. Sijawahi kumrekebisha mtu. Heshima ukipewa unapokea kwa mikono miwili.

Nayasema haya mapema ili uelewe kwa nini ilinichukua wiki tatu kupeleka laptopu yangu kwa fundi. IT anaendaje kwa fundi?

Mpwa wangu wa darasa la sita alikuja likizo ya Juni kutoka Morogoro, kwa treni ya umeme, na begi dogo na daftari la hesabu ambalo mama yake alimwagiza afanyie mazoezi. Mimi nakaa Nzuguni, chumba na sebule, na kitu pekee cha kumfurahisha mtoto nilichokuwa nacho ni mpira wa PS2, yaani gemu la mpira la PlayStation 2. Deki yenyewe ilikufa jicho zamani, ipo juu ya kabati imefunikwa kitambaa kama marehemu anayesubiri ndugu wa mbali. Ila CD zake nilishazihamishia kwenye laptopu, nikaweka emuleta iitwayo PCSX2, inayoifanya kompyuta ijifanye PS2. Nikanunua pedi mbili, tukapanda kitandani, tukajifunika blanketi, laptopu tukaiweka katikati juu ya blanketi hilohilo. Juni Dodoma si mchezo. Jua likizama tu, unatafuta soksi.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, dakika ya 58, nikiwa nimeshafungwa mbili, picha ikasimama. Beki wangu kabaki mguu juu. Mtangazaji wa Kizungu alikuwa katikati ya jina la mchezaji, akanasa kwenye silabi moja: ko-ko-ko-ko-ko, kama kuku aliyeona punje. Nikabonyeza kila kitu. Ko-ko-ko-ko. Nikashika kitufe cha kuzimia mpaka giza likaingia.

"Mjomba, umegandisha," mpwa akasema.

"Nimegandishaje? Mikono yangu si hii hapa kwenye pedi?"

"Ulikuwa unafungwa."

Akachukua lile daftari la hesabu, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika huku akitamka kwa sauti: Mechi ya 1. Mimi 2, mjomba 0. Dakika ya 58. Mjomba kagandisha.

Kesho yake ikaganda dakika ya 61, nimefungwa tatu. Keshokutwa dakika ya 55. Na ukweli ambao haukunisaidia ni kwamba kila ilipoganda nilikuwa nafungwa, kwa sababu muda wote nilikuwa nafungwa.

Nikaingia kwenye setingi. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, PS2 ni ya zamani, laptopu ni ya juzi, inashindwaje?" Swali zuri. PS2 ilitoka mwaka 2000, na prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, haifiki hata megahezi 300. Laptopu yangu inaipita mara nyingi. Lakini emuleta haichezi gemu, inalikalimani. Ni kama yule mkalimani wa mkutano wa injili: mhubiri anasimama anasema neno lake taratibu, kaburudika, leso kavu, mkalimani pembeni anageuza kila sentensi kwenda Kigogo papo hapo, anarukaruka kama mhubiri, anapaza sauti kama mhubiri, na jasho lote ni lake. Mpwa alielewa mara moja. Ningeelewa na mimi hilo la jasho, hadithi ingeishia hapa.

Badala yake nikaamua kwamba ugonjwa uko kwenye michoro. Emuleta inakupa njia kadhaa za kuchora picha: Vulkan, OpenGL, Direct3D, na ile ambayo prosesa inachora yenyewe bila kutumia kadi ya picha. Nikajaribu zote, nikaishia kwenye hiyo ya mwisho, nikijisemea kwamba kadi ndiyo mbovu, tumpe kazi mwenye afya. Ikaganda dakika ya 31. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, nikaondoa kubana matumizi, nikaweka nguvu zote. Dakika ya 24. Nikawasha kipengele kinachogawa kazi kwa viini zaidi vya prosesa. Dakika ya 19, na safari hii hata kuku hakuita, laptopu ilizima kimya kama mtu aliyekata simu.

Yaani mgonjwa anaungua homa, na daktari anamwongezea mablanketi.

"Mjomba, hii laptopu inaunguza," mpwa akasema siku moja, kanyanyua kidole.

"Joto gani na mimi nimevaa koti?"

Akaandika. Baadaye niliona alichoandika: Laptopu ya moto. Mjomba kasema hapana.

Siku ya mechi ya 9 umeme ukakatika tukiwa katikati ya kipindi cha kwanza. Laptopu ikahamia kwenye betri, gemu likawa zito, wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya uji, sauti ya mtangazaji imekuwa nene kama ya mtu aliyeamshwa usiku. Lakini tulifika dakika ya 90. Kwa mara ya kwanza nikasikia kipenga cha mwisho. Nilifungwa sita.

Mtu mwenye akili angejiuliza: kwenye betri kompyuta inajipunguzia kasi, ikipunguza kasi inapoa, ikipoa haigandi. Mimi nikajiuliza: kumbe umeme wa nyumba hii ni mchafu! Nikapanda bajaji hadi Majengo nikanunua stabilaiza, ile ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Mashine ya chuma, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, ina sindano na taa tatu. Niliibeba mapajani njia nzima, upepo unanipiga vumbi la Nzuguni usoni, nikijiona mtu mwenye mipango. Nikaichomeka. Sindano ikasimama vizuri kabisa kwenye 220. Laptopu ikaganda dakika ya 22.

Hapo ndipo niliposhusha kiprogramu cha kupima joto la prosesa. Kwa siri, mtoto kalala. Nikaanzisha gemu, nikaangalia namba. 74. 85. 93. Ilipofika 98, maji yakikaribia kuchemka, kasi ya prosesa ikaporomoka mbele ya macho yangu, na feni ikawa inalia kama mashine ya kusaga ya Jumamosi. Nilikaa na ile 98 muda mrefu. Kisha nikafanya uamuzi wa kitaalamu: barafu.

Jirani yetu anauza barafu za ubuyu, zile za mfuko mwembamba zilizofungwa fundo juu. Nikanunua nne. Nikazipanga kwenye sinia, sinia juu ya blanketi, laptopu juu ya barafu. Na usicheke, joto lilishuka! Ikafika 91, tukavuka dakika ya 70, mpwa mwenyewe akasema, "Mjomba, leo umekuwa mkweli." Nikavimba kichwa. Dakika ya 74 nikasikia unyevu kwenye goti.

Fundo moja lilikuwa limeachia. Ubuyu ule mwekundu, wenye sukari na iliki, ulikuwa umejaa kwenye sinia na kufika kwenye tundu za chini za laptopu. Nikainyakua, nikaigeuza juu chini, nikaifuta na fulana, nikaichomoa, nikaisimamisha ukutani kama hema ikauke. Mpwa alinisaidia kwa kuzinywa zile tatu zilizobaki.

Asubuhi kulikuwa na safari. Safari ya sisimizi: kutoka dirishani, wanashuka ukuta, wanapita sakafuni, wanapanda ukutani upande wa pili, wanaingia laptopu. Wamejipanga mstari mmoja, wanaoingia kulia, wanaotoka kushoto, kwa nidhamu ambayo sijaiona stendi. Nikafungua kifuniko. Nikabonyeza Enta, wakatoka watatu. Nikabonyeza herufi ya A, akatoka mmoja mkubwa, akaniangalia, akarudi ndani.

Tukaenda kwa fundi, maeneo ya Jamatini. Mpwa alikuja na daftari.

Fundi ni kijana mdogo, anafanya kazi amejifunga taa kichwani. Akafungua skrubu moja moja, akizibandika kwenye sumaku kwa mpangilio wake. Alipotoa mfuniko wa chini akasimama.

"Bosi, hii ulikuwa nayo machimboni?"

"Hapana. Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nzuguni."

"Aah," akasema, kama daktari aliyeambiwa umri wa mgonjwa.

Akafungua feni. Kati ya feni na zile bati nyembamba za shaba ambako hewa ya moto inatakiwa kutokea, palikuwa hapana uwazi. Palikuwa na kitambaa. Akakivuta na kibano, kikatoka kizima, kimeshika umbo la tundu kama mkate ulioshika umbo la chombo chake. Akakiinua kwenye taa. Vumbi lililoshikana, nywele, na nyuzinyuzi za kijani, nyingi.

"Mjomba," mpwa akasema, "blanketi lako."

Fundi akanieleza taratibu, na nashukuru alishusha sauti. Feni inavuta hewa kutoka chini. Ukiilaza juu ya blanketi umeiziba pua, halafu kile kidogo inachovuta kinakuja na vumbi na manyoya. Prosesa ikifika karibu na nyuzi 100 inajipunguzia kasi, ikizidiwa inaganda, au inajizima yenyewe isiungue.

"Hata kwenye baridi hii?"

"Baridi iko nje, bosi. Hewa haiingii, baridi itaingiaje?"

Akakwangua pesti ya zamani juu ya prosesa, ile inayopitisha joto, imekauka kama ukoko wa ugali, akafuta kwa spiriti, akaweka mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Bati akazipuliza kwa blowa huku kashika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Wingu lililotoka pale lilimfanya kinyozi wa jirani afunge mlango.

"Ulikuwa unajaribu nini kabla ya kuja?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mpwa kashafungua daftari. Akasoma mechi zote, tarehe, dakika, setingi iliyobadilishwa. Fundi akaacha kazi akasikiliza. Alipofika "Mechi ya 9. Umeme hakuna. Haikuganda. Mjomba 0, mimi 6," fundi akampokonya daftari akaisoma mwenyewe.

"Jibu lilikuwa hapa wiki nzima," akasema. "Dogo, wewe njoo ufanye kazi kwangu. Bosi, kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Mtunza stoo," nikasema haraka.

"Lakini ofisini wanamwita IT," mpwa akasema.

Fundi aliangalia dari. Muda mrefu. Taa ya kichwani ikawa inamulika buibui mmoja pale juu, sote watatu tukamwangalia.

Bili ilikuwa elfu ishirini na tano. Nikauliza kama hiyo ni pamoja na sisimizi. Akasema sisimizi kanitolea bure, ila nisimwambie mtu, wengine watataka.

Jioni tukarudi uwanjani. Setingi nimezirudisha zote kama emuleta ilivyokuja, maskini haikuwa na kosa lolote. Laptopu juu ya stuli, stabilaiza nimeipa kazi ya kuzuia mlango usifungwe na upepo. Kile kiprogramu nimekiacha pembeni mwa skrini. Dakika ya 45, joto 69. Dakika ya 58, 70, feni inapumua kama mtoto aliyelala. Dakika ya 62 nikafungwa la nne.

"Mjomba, mbona hukabi? Unaangalia nini?"

"Naangalia joto."

"Ngapi?"

"71."

Nikasubiri. Dakika ya 70, 71. Dakika ya 75, la tano, 71. Hapakuwa na dalili ya kuku. Chini ya stuli ncha ya blanketi la kijani ilikuwa inaning'inia kutoka kitandani, nikaanza kuisogeza kwa kidole gumba cha mguu, polepole, kuelekea kwenye tundu za laptopu.

Bila kutoa macho kwenye skrini, mpwa akanyoosha mguu wake, akaivuta stuli upande wake.