Rubani wa Jumamosi: Je, Leseni ya CPL Inapatikana Bila Kuacha Kazi?

Saa 200 za kuruka. Hicho ndicho kipimo kilichowekwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa anayetaka leseni ya rubani wa biashara, ile ambayo kila mtu hapa kwetu huiita CPL. Anayesoma kwa mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa anaweza kupunguziwa hadi 150. Sasa mchukue mhasibu, muuguzi au fundi wa mitambo mwenye ajira ya Jumatatu hadi Ijumaa. Akiruka saa moja kila Jumamosi bila kukosa hata moja, zile saa 200 zitamchukua karibu miaka minne. Na Jumamosi hukosekana: mvua imenyesha, ndege imeingia karakana kwa ukaguzi wa kila saa 50 au 100 za kuruka, mwalimu amepata ajira kwenye kampuni ya ndege akaondoka, kuna msiba kijijini.

Hesabu hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaosema acha kazi usome. Wanaojibu kwamba usithubutu kuacha kazi nao wana hesabu yao: mafunzo yote yanagharimu mamilioni ya shilingi, na mtu asiye na mzazi wa kumlipia wala shamba la kuuza hana chanzo kingine cha hela hizo isipokuwa mshahara uleule anaoambiwa auache. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanakosea mahali pamoja. Wanazichukulia saa 200 kana kwamba zote zinafanana. Hazifanani. Zipo zinazostahimili kuachanishwa wiki mbili tatu, na zipo zinazoharibika zikiachanishwa hata siku kumi. Mwanafunzi mwenye ajira akishajua zipi ni zipi, mpango wake wote unabadilika.

Kwanza tuangalie jua, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu jambo hili umeandikwa Ulaya na haujali tulipo. Mwanafunzi wa London mwezi wa Juni akitoka ofisini saa kumi na moja jioni bado ana mwanga wa kutosha, maana jua linazama baada ya saa tatu usiku. Anaenda uwanjani, anaruka saa nzima, anarudi nyumbani kungali kweupe. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, iwe Juni au Desemba. Anayetoka kazini Upper Hill saa kumi na moja, akakaa kwenye foleni ya Lang'ata Road, anafika uwanja wa ndege wa Wilson ndege zinafungwa kamba. Dar es Salaam ni vilevile. Kwa mtu wa Ikweta, kuruka baada ya kazi hakupo, kwani mwanafunzi wa ngazi hiyo haruki peke yake gizani.

Labda basi alfajiri, kabla ya kazi? Miezi mingine inawezekana. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti wingu la chini hulala juu ya Nairobi, na siku nyingi haliondoki hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Anayeruka kwa kuona kwa macho haruhusiwi kuondoka katika hali hiyo, kwa hiyo anakaa na mwalimu wake wakitazama upande wa Ngong, vilima havionekani, na saa mbili anatakiwa awe mezani kwake. Alasiri nayo ina yake. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kama ile ya futi 8,000, na ndege ndogo ya mafunzo kama Cessna 172 yenye watu wawili na matangi yaliyojaa hupanda polepole mno, huku ikirushwarushwa na hewa ya moto inayotoka mbugani. Machi hadi Mei ni masika. Ukitoa yote hayo, mwenye ajira anabaki na dirisha la kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, siku mbili za wiki, na kila mwanafunzi mwenzake mwenye ajira analitaka dirisha hilohilo.

Tena Wilson si uwanja wa mazoezi peke yake. Ndege aina ya Caravan za Maasai Mara na ndege za Lamu na Lodwar zinapita njia zilezile, na kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa Mara, msongamano unazidi. Mwanafunzi anasubiri zamu yake ukingoni mwa njia ya kurukia, injini inanguruma, na kipima saa cha Hobbs kinasonga, kwa sababu chenyewe huhesabu injini inapowaka, si ndege inapokuwa angani. Dakika ishirini za kusubiri zinalipiwa kama dakika ishirini za kuruka.

Lakini dirisha jembamba ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kile kinachotokea kichwani na mikononi kati ya Jumamosi moja na nyingine. Kutua ndege ndogo ni jambo linalokaa mwilini. Kujua ni lini hasa uinue pua, magurudumu yakiwa mita chache kutoka ardhini, hakuna kitabu kinachokufundisha. Jicho hulizoea kwa kurudia, jana, leo na kesho. Anayeruka mara moja kwa wiki hutumia nusu ya somo kurudisha alichokuwa nacho wiki iliyopita, na mafunzo ya kabla ya kuruka peke yake hujivuta hivyo miezi na miezi. Kanuni inasema leseni ya kwanza, PPL, yaani ya rubani binafsi, inahitaji saa 40. Hicho ni kiwango cha chini, na mwanafunzi wa wikendi asikitegemee anapopanga bajeti. Hapo wanaosema acha kazi wako sahihi: saa za Jumamosi ni ghali kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa nyingine unazinunua mara mbili.

Na muda mrefu wenyewe ni hatari ya kifedha. Mafuta ya avgas na vipuri vinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei ya saa moja inafuata dola. Januari 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya, na Januari 2024 ikafika 160. Aliyepanga bajeti ya miaka minne kwa bei ya mwaka wa kwanza alijikuta anahitaji mshahara mwingine.

Liko jambo lililo zito kuliko pesa, nalo ni uchovu. Marubani wa mashirika wana ukomo wa saa za zamu na muda wa lazima wa kupumzika, na kuna mtu wa kuzihesabu. Mwanafunzi aliyefunga hesabu za mwezi hadi usiku wa Ijumaa hana wa kumhesabia. Saa zake za ofisini hazionekani kwenye daftari lolote la urubani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na wanasayansi wa Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa utendaji sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafika hapo saa nne usiku.

Tazama jambo moja dogo. Kabla ya kuruka, mwanafunzi huchota mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe cha plastiki angavu, akakiinua kwenye mwanga kuangalia kama kuna maji. Avgas inayotumika kwetu ina rangi ya buluu hafifu, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini kama kitone kisicho na rangi. Kuona mstari kati ya viwili hivyo ni rahisi. Kigumu ni pale kikombe kizima kinapokuwa maji: hakuna mstari, kila kitu ni cheupe na kisafi, na jicho lililochoka linasema sawa. Aliyelala vizuri anajiuliza buluu iko wapi. Ukaguzi wa ndege umejaa mambo ya aina hiyo, yanayomtaka mtu atambue kitu ambacho hakipo, na uwezo huo hudhoofika usingizi ukipungua.

Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo, Marekani, Februari 2009 na kuua watu 50, wachunguzi waliona kwamba uchovu huenda uliathiri utendaji wa marubani wote wawili. Msaidizi wa rubani alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili afike kazini. Hao walikuwa watu wenye leseni kamili. Mwanafunzi mwenye saa 30 ana akiba ndogo zaidi ya kutegemea anapokosea.

Mpaka hapa mizani inaelekea kwa wanaosema acha kazi. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni kinachokuja baada ya leseni. Mwenye CPL na saa 200 anaruhusiwa kisheria kulipwa kwa kurusha ndege, lakini kuruhusiwa hakumpi ajira. Waendeshaji wa ndege ndogo, na kampuni za bima zilizo nyuma yao, wanataka saa nyingi zaidi na ithibati ya aina ya ndege wanayoitumia. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inadai saa 1,500. Vijana wenye CPL wasio na kazi tunawajua, wapo Nairobi na wapo Dar. Wakati wa kusubiri kazi ya kwanza unaweza kuwa mrefu kuliko mafunzo yenyewe, na leseni hailali bure: cheti cha afya cha daraja la kwanza kinahuishwa kila baada ya miezi 12, na mikono isiyoruka inasahau. Aliyeacha ajira ili asome kwa kasi anaufikia wakati huo akiwa na leseni mpya, akaunti tupu na kodi ya nyumba. Aliyebaki kazini anaendelea kununua saa chache kila mwezi.

Wazo kwamba urubani lazima usomwe kwa kuacha kila kitu lina asili yake, na asili hiyo imepita. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nyuma yake zilikuwepo serikali zilizotaka marubani wao wenyewe. Kijana aliyeingia kwa mpango wa namna hiyo hakuwa na mshahara wa kuupoteza. Leo mwanafunzi anajilipia, na anayejilipia ana haki ya kupanga mafunzo kulingana na mfuko wake. Mwenye miaka 20 ambaye familia inamlipia na hana anayemtegemea, yeye aende akasome mfululizo, sina la kubishana naye. Nawasemea wenye miaka 28, 33, 38. Umri wa mwisho katika ndege za biashara zenye marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo hata wa mwisho kati yao ana muda.

Kwao napendekeza waanze na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kabla ya kulipa shilingi moja ya ndege, maana macho au shinikizo la damu likikukatalia, ni heri ujue mapema. Halafu nadharia. Sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, utendaji wa ndege: hayo yote yanasomeka jioni, na mwenye ajira ana nidhamu ambayo aliyetoka shule juzi bado anaitafuta. Uchovu wa kitabuni gharama yake ni kusoma ukurasa mara mbili.

Kipande cha kabla ya kuruka peke yake kifanyike wakati wa likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka, na ya Tanzania inampa siku 28 mfululizo. Ukichanganya na wikendi zake, huo ni karibu mwezi mzima wa asubuhi zilizo wazi. Ipange Januari au Februari, anga likiwa kavu, hela za saa zote za kipande hicho zikiwa tayari benki. Usizilipe zote shuleni kwa mkupuo hata ukiahidiwa punguzo. Lipa kadiri unavyoruka.

Baada ya hapo Jumamosi zinapata kazi yake halali. Kati ya zile saa 200, 100 ni za kuwa rubani mkuu wa ndege, na ndani yake mna safari ya angalau kilomita 540 yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Wilson hadi Nanyuki, Nanyuki hadi Kisumu, kisha kurudi, inatosha na kuzidi. Saa hizi zinastahimili wiki mbili za kukosa, mradi mtu asiruke siku aliyopata usingizi wa saa nne tu, na mradi akirudi baada ya pengo refu amchukue mwalimu kwanza.

Panapobaki pagumu ni mwisho: kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege pekee bila kuangalia nje, ndege ya injini mbili, na maandalizi ya mtihani wa mtahini. Ithibati ya vyombo inadai saa 40 za vyombo, na ingawa sehemu yake hufanyika kwenye simuleta, ambayo haijali jua wala mvua, ustadi huu huyeyuka haraka kuliko wote. Hapo likizo ya mwaka mmoja haitoshi. Omba likizo isiyo na malipo ya miezi miwili au mitatu, uombe nusu mwaka kabla, na umweleze bosi ukweli wa unachoenda kufanya. Akikataa, ukiwa na PPL mkononi, mitihani ya nadharia imepita, na pesa za kipande kilichobaki zimekamilika pamoja na matumizi ya nyumbani ya mwaka mmoja, hapo andika barua ya kuacha kazi.