Grupu la WhatsApp la kazini: habari zinafika, hoja zinakwama

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, agizo la ofisi ya kata siku hizi haliji kwa barua. Linaingia kwenye grupu: "Walimu wakuu, naomba takwimu za madawati, mwisho leo saa sita mchana." Mwalimu mkuu anausukuma ujumbe huo kwenye grupu la walimu wake, vipindi vinasimama, watu wanahesabu madawati. Aliye kwenye shule ambayo mtandao haushiki mpaka upande kilimani anaonekana mzembe, kwa sababu orodha ya waliowasilisha inabandikwa hapo hapo na jina la shule yake halimo. Hospitalini, mahotelini, kwenye benki na kampuni za ulinzi mambo ni yale yale, vinabadilika vyeo tu.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Barua ya serikalini hupokelewa masijala, hutiwa kwenye jalada, hupanda kwa mkuu wa idara, kisha hushuka na maelekezo kwa afisa anayehusika. Siku tatu zikipita hakuna anayeshangaa. Ubao wa matangazo nao husomwa na wanaopita karibu nao; mlinzi wa zamu ya usiku, dereva aliye safarini na mfanya usafi anayeingia alfajiri na kutoka kabla ofisi haijachangamka hawakuwahi kuwa wasomaji wake. Barua pepe ndiyo kabisa, maana wengi wa hao hawajawahi kupewa anwani ya ofisi. Grupu limewafikia wote, tena kwa Kiswahili, na asiyependa kuandika anatuma sauti. Ratiba ya zamu ikibadilika jioni, muuguzi anaiona kabla hajapanda daladala.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Zamani nafasi ya mafunzo ilijulikana kwa wawili watatu walio karibu na mkubwa, na wengine waliisikia siku majina yalipokwisha kupelekwa. Tangazo likibandikwa kwenye grupu, mhasibu msaidizi analisoma dakika ile ile anayolisoma mkuu wake. Kwa watumishi wa chini hilo ni jambo kubwa, na sidhani kama wangependa kurudi tulikotoka.

Lakini habari kushuka ni jambo moja, na hoja kupanda ni jambo lingine. Hapo ndipo naona grupu limetuharibia kitu.

Chukua ujumbe wa aina ambayo wafanyakazi wengi wataitambua. Mkuu wa idara anaandika saa tatu usiku: "Kuanzia kesho wote tuwe tumeripoti saa moja kamili. Mwenye tatizo aseme." Majibu yanamiminika: "Sawa mkuu." "Imepokelewa, kiongozi." "Pamoja sana, bosi." Kisha msururu wa dole gumba. Kati ya walioandika "Sawa mkuu" yumo mama ambaye mwanawe hapokelewi shuleni kabla ya saa moja. Ameona wenzake kumi wamekubali, yeye atakuwaje wa kwanza kukataa? Akinyamaza, alama mbili za bluu zitamsemea kwamba ameona na amepuuza.

Kabla ya grupu, mama huyu angemfuata mkuu ofisini asubuhi, agonge hodi, aamkie, aeleze shida yake. Mkuu angempa nusu saa ya ziada na mambo yangeishia pale. Katika ofisi zetu nyingi ndivyo watu wanavyopingana na wakubwa wao: pembeni, kwa adabu, pasipo hadhira. Utaratibu huo unamhifadhi mdogo asionekane mjeuri, na unamhifadhi mkubwa pia, kwa sababu anaweza kubadili uamuzi bila kuonekana ameshindwa. Mbele ya macho arobaini ya grupu hakuna kati yao anayeweza kulegeza.

Wapo watakaosema kwamba mazoea hayo ndiyo ugonjwa wenyewe, kwamba watu wazima wanapaswa kusema wazi. Nakubaliana nao nusu. Wodini, muuguzi anayeona kipimo cha dawa kimekosewa na kunyamaza kwa kumwogopa daktari anaweza kugharimu maisha ya mgonjwa. Vilevile mazungumzo ya pembeni huwafaa zaidi waliomzoea mkubwa, na mwajiriwa mpya huachwa nje. Ila uwazi huo hujengwa kwenye kikao, watu wakionana uso kwa uso na kiongozi akimgeukia mdogo kabisa na kumuuliza, "Wewe unaonaje?" Ujumbe wa saa tatu usiku unaoisha na "mwenye tatizo aseme" haujamwomba mtu maoni, na kila aliyeusoma anajua hivyo.

Mambo huwa magumu zaidi timu ikiwa ya nchi mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayowafungulia mipaka wafanyakazi wa nchi wanachama, ilianza kutumika Julai 2010, na leo si ajabu kumkuta meneja kutoka Nairobi akiongoza Watanzania Dar es Salaam. Meneja akiandika tu "Ripoti iko wapi?" kwake ameuliza swali la kazi. Kwa aliyekulia Tanga hilo ni karipio, maana hata habari za asubuhi hakuna. Naye akijibu kwa salamu, pole na maelezo marefu, meneja anatafuta ripoti iko wapi na haioni. Wakiwa chumba kimoja wangezoeana, kwa sababu sauti na uso husaidia. Kwenye simu maneno yanabaki makavu, na aliyeumia anayarudia usiku kuyasoma.

Jambo nisilolitetea hata kidogo ni kumkaripia mtu kwenye grupu. Hapa Tanzania, kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi anayetuhumiwa aelezwe tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, na kwa kawaida apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa kabla ya kusikilizwa. Mlinzi aliyepigwa picha akisinzia lindoni na kubandikwa mbele ya wenzake sitini ameshahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Huenda alikuwa na kosa, huenda alikuwa amepangiwa zamu mbili mfululizo. Kikao kitakachofuata kinamkuta ameshavuliwa nguo.

Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Nani anahesabu saa za grupu? Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Hofu ya waajiri ina msingi: hospitali haiwezi kusubiri asubuhi, na kampuni inayohudumia wateja wa mabara mengine haina saa moja ya kufunga. Lakini dharura inajulikana, na takwimu za madawati si dharura. Mwajiri anayehitaji watu wake usiku awaandikie zamu ya kupatikana na awalipe, na bando lisitoke mfukoni mwao.

Grupu naliacha libaki kwa matangazo na ratiba. Maagizo yanayobadili masharti ya kazi yaje kwa maandishi rasmi au kikaoni, na karipio liwe la watu wawili. Uamuzi ukifanyika kwenye grupu, basi ndani ya siku mbili uandikwe na kutiwa kwenye jalada, hata ukurasa mmoja. Maana mkuu akipata uhamisho huondoka na simu yake. Mfanyakazi akija kudai ruhusa aliyopewa miezi minane iliyopita, mkuu mpya atafungua jalada la masijala na kulikuta halina kitu.