Risasi ya rafiki haimpunguzii Kalpaks kitu

Tarehe 6 Machi nilimpeleka mgeni wangu bustani ya Esplanāde hapa Riga, mji mkuu wa Latvia, kwenye mnara wa Oskars Kalpaks, kamanda wa kwanza wa jeshi la Latvia. Watu walikuwa wameshaweka maua na mishumaa katika glasi nyekundu. Mmoja ulikuwa umezimwa na maji ya theluji. Nikamweleza kwamba siku kama hiyo mwaka 1919 Kalpaks aliuawa karibu na Airītes, magharibi mwa Latvia, kwa risasi za Wajerumani waliokuwa upande wake. Akasema, "Kumbe ni ajali. Sasa ushujaa uko wapi?"

Neno lile nimelala nalo, nimeamka nalo.

Tuitazame Januari ya mwaka ule. Tarehe 3 Wabolsheviki, yaani Wakomunisti wa Urusi, waliingia Riga, na katika jeshi lao walikuwamo Walatvia wengi, wapiganaji waliokomaa vitani. Serikali ya Latvia huru chini ya waziri mkuu Kārlis Ulmanis, ambayo haikuwa imetimiza hata miezi miwili, ikaukimbia mji na kuishia Liepāja, bandari ya magharibi. Kalpaks alikuwa luteni kanali, mtoto wa mkulima wa jimbo la Vidzeme aliyesomea uafisa Irkutsk, Siberia, akapigana Vita Kuu ya Kwanza katika jeshi la Urusi na kutunukiwa nishani. Angekaa kwao, nani angemlaumu? Angeweza pia kufuata upande ulioonekana kushinda. Mlatvia mwenzake, Jukums Vācietis, alishaufuata na kuwa amiri jeshi mkuu wa Jeshi Jekundu (mwaka 1938 wakampiga risasi hao hao aliowatumikia). Kalpaks akachukua batalioni ya watu mia mbili na kitu: wanafunzi, vijana wa mji wa Cēsis, na maafisa waliokubali kubeba bunduki kama askari wa kawaida. Akarudi nao nyuma hadi mto Venta katika baridi ile, na kikosi hakikusambaratika. Machi 3 wakaanza kusonga mbele. Siku tatu baadaye akafa, akiwa na umri wa miaka 37.

Nakubali kwamba alipigana chini ya amri ya Wajerumani wasioutaka uhuru wa Latvia. Aprili wakaipindua serikali ya Ulmanis. Hilo linauma. Lakini mwezi ule, jeshi lingine la kuegemea halikuwapo.

Na ajali yenyewe? Kila upande uliwadhania wenzao ni Wabolsheviki. Alikufa pia Nikolajs Grundmanis, kamanda wa kombania ya wanafunzi, na luteni Pēteris Krievs, na afisa mmoja Mjerumani. Fikiria wale vijana jioni ile: kamanda wao amelala chini, na kamanda mkuu amelala chini, wote wameuawa na washirika. Sababu gani zaidi ya hiyo mtu angehitaji ili atupe bunduki arudi kwa mama yake?

Hawakurudi. Jānis Balodis akashika uongozi, na kabla Machi haijaisha batalioni ya Kalpaks ilikuwa imekua na kuwa brigedi.